Fundi Akiwa Mbali: Kufunga Kifurushi cha Zana ya Chinichini

Ukifuata Barabara ya Thika kutoka Ruiru, unapita Zetech, unapita JKUAT pale Juja, kisha unafika Thika mjini kwenye Mount Kenya University. Vijana wanaotoka katika vyuo hivi huandika programu ndogo zenye manufaa: ya kunakili rejista ya shule kila usiku, ya kuhesabu kurasa zinazochapishwa saibani Makongeni, ya kupokea taarifa za malipo dukani Kimbo. Nyingi huanzishwa kwa mstari wa amri, na zinatakiwa ziendelee chinichini hata terminali ikifungwa.

Kwa kazi hiyo kuna zana iitwayo daemon, iliyoandikwa na mtu ajulikanaye kama raf. Unaipa jina na amri, nayo inaitenga amri hiyo na terminali. Ukiongeza --respawn, inaiwasha upya kila inapokufa. Imo tayari kwenye Debian, kwa hiyo kama inakutosha, isakinishe uendelee na mambo mengine. Maneno yangu ni kwa yule aliyeandika zana yake ya aina hii na sasa anataka kuwapa wengine faili ya .deb, waitumie yeye akiwa hayupo.

Folda ya debian/ haina uchawi. Inataka control, changelog, copyright, rules na source/format. Kwenye control andika debhelper-compat (= 13), na rules itatosha kwa mistari mitatu inayoiachia dh kazi yote. Programu iende /usr/bin, mipangilio iende /etc, na usiguse /usr/local, kwa kuwa hapo ni pa mwenye kompyuta. Ukurasa wa man usiuruke. Saa tatu usiku bando limeisha, huo ndio msaada pekee alio nao mtu wa dukani.

Penye matatizo hasa ni kumbukumbu ya kinachoendeshwa. Wengi huandika namba ya mchakato kwenye faili, kisha huiamini. Stima ikipotea ghafla Ruiru na faili hiyo iko kwenye folda ya mtumiaji, kompyuta ikiwaka tena namba inabaki pale, na huenda sasa ni ya programu nyingine kabisa. Zana yako itasema kazi inaendelea wakati imekufa. Mbaya zaidi, ikiambiwa isimamishe, itaua isiyohusika. Ukikimbilia /run/user, kuna mtego mwingine: folda hiyo huondolewa mtumiaji anapotoka kwenye kikao chake cha mwisho, ilhali mchakato wenyewe unaweza kuwa bado hai. Akirudi na kuagiza tena, zinawaka mbili, na malipo yanaandikwa mara mbili.

Dawa ni kufuli ya flock juu ya faili iliyo kwenye ~/.local/state, faili ambayo zana yako haiifuti kamwe. Kufuli hiyo inashikwa na msimamizi, yaani mchakato wa zana yako unaoiangalia kazi, na kiini cha Linux huiachilia mara msimamizi anapokufa, iwe kwa hitilafu au kwa stima. Namba iandikwe kwa ajili ya kutuma ishara tu, na isomwe pale tu kufuli inapothibitisha kwamba mwenyewe yupo. Hakikisha pia kwamba programu unayoianzisha hairithi kufuli hiyo, la sivyo itaendelea kuishika hata msimamizi wake akifa.

Halafu fikiria siku ya toleo jipya. dpkg huweka faili mpya mahali pa ile ya zamani, na mchakato unaoendelea hubaki ukitumia ile ya zamani bila kusumbuka. Basi usiweke killall kwenye prerm. Kifurushi cha zana ya jumla hakina haki ya kuanzisha au kuua kazi za watu. Faili ya systemd ni ya programu inayoitumia zana, na iwekwe kwenye kifurushi cha programu hiyo. Wajibu wako ni kwamba amri ya kusimamisha ya toleo jipya iweze kuelewana na msimamizi aliyewashwa na toleo la zamani. Ukibadilisha muundo wa faili ya kumbukumbu, endelea kuusoma na ule wa awali.

Jenga kwenye toleo kongwe zaidi la Ubuntu au Debian walilo nalo watumiaji wako. Kompyuta nyingi za madukani ni za mtumba na mfumo wake haujaguswa kwa miaka, na programu iliyojengwa juu ya glibc mpya inaweza kugoma kwenye ya zamani. Punguza vitegemezi pia: apt install ./zana.deb huvitafuta mtandaoni, na huenda faili yako imefika kwa flashi tu.

Jenga kwa dpkg-buildpackage -us -uc -b, pitisha lintian, kisha nenda kwenye mashine pepe iliyo safi. Sakinisha, anzisha kazi, toka kwenye kikao, ingia tena, uliza hali yake. Zima mashine kwa nguvu, iwashe, uliza tena. Weka toleo jipya kazi ikiendelea, uisimamishe, kisha apt purge na uangalie kama kuna kilichobaki /etc. Baada ya hapo mpe faili hiyo mtu asiyeijua zana yako, mkae pamoja bila wewe kusema neno, na kila anapokwama rekebisha ukurasa wa man.