SOMO: MWENDO WA GARI UPANGWE NA BARABARA, SI NA SAA



Somo hili ni la madereva wa malori na matrekta, na pia ni letu sisi tunaobebwa nyuma. Asiyeshika usukani asiseme halimhusu.

Katika mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda tuliwahi kumzika mwenzetu mmoja, mchumaji. Ilikuwa jioni ya msimu wa mvua. Tela ilijaa majani, na watu wamekaa juu yake. Trekta liliteremka kilima kwa mwendo ule ule wa siku za kiangazi, tela ikalisukuma, kisha ikapinduka. Dereva alifukuzwa kazi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyemwagiza amalize safari sita kabla ya giza.

Kwanza tuielewe hesabu. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, hupita mita 11 kila sekunde. Dereva huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Basi mita 11 zimekwisha kabla breki hazijaanza kushika. Kwa kilomita 80 ni mita 22. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayohitajiwa na breki kulisimamisha gari huwa mara nne. Barabara ikilowa, nafasi hiyo huongezeka zaidi.

Kwa hiyo dereva aangalie mambo manne:

1. Macho yanafika wapi. Uweze kusimama ndani ya sehemu unayoiona. Katika njia nyembamba ya shamba, usimame ndani ya nusu yake, maana nusu nyingine anaihitaji yule anayekuja. Penye ukungu au vumbi, punguza.

2. Udongo. Mvua ya kwanza juu ya vumbi huufanya udongo mwekundu uteleze kama sabuni. Penye changarawe yenye mikunjo, tairi hurukaruka na breki hazishiki vizuri.

3. Mzigo. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu ya kilima, si katikati ya mteremko.

4. Kibao. Kibao cha kilomita 50 hakikuamrishi ufike 50. Huo ni mwisho, barabara ikiwa nzuri.

Lakini dereva peke yake hawezi. Akilipwa kwa safari, au mnyapara akimngoja na saa mkononi, atakimbia tu. Tunajua majani mabichi yakichelewa huharibika. Dawa yake ni kuongeza tela, au kuanza kupima majani mapema. Chama kidai safari zipunguzwe siku za mvua bila mshahara kukatwa, na watu wasipandishwe juu ya mzigo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi anayejitoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, alindwe asiadhibiwe.

Maswali ya kuzungumza katika tawi:

1. Ni mahali gani katika njia zetu pana hatari mvua ikinyesha? Mwendo gani unafaa hapo?
2. Nani hupanga idadi ya safari? Je, dereva huulizwa?
3. Sisi tulio nyuma tukiona mwendo umezidi, tumepatana na dereva tumpe ishara gani?