Kuku Akiugua: Tazama Kwanza, Kisu Baadaye

Jioni moja tulikuwa darasani, kipindi cha hesabu. Mama mmoja, mwanakisomo wetu wa siku nyingi, aliingia amechelewa. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, leo sina akili ya hesabu. Kuku wangu anaumwa."

"Pole mama. Anaumwaje?"

"Amejikunyata tu. Chakula anadonoa kidogo anaacha. Jirani ananiambia, mchinje huyo kabla hajafa, upate japo mchuzi. Shemeji naye anasema, kesho ni mnada, mpeleke upate chochote."

Darasa zima likaanza kubishana. Huyu anasema ni mdondo, yule anasema ni upepo mbaya, mwingine anataja pilipili na shubiri mwitu. Kila mtu alikuwa na dawa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwona kuku mwenyewe! Basi tukafunga madaftari, tukaenda kumwona. Kwa mama yule kuku si jambo dogo. Alikuwa na mitetea tisa, na mayai yao ndiyo chumvi, sabuni na madaftari ya wajukuu.

MTENGE KWANZA

Kabla ya kuuliza anaumwa nini, mtenge. Mtie ndani ya tenga au boksi lenye matundu, uweke majani makavu chini, mahali pasipo upepo wala jua kali. Mpe maji yake peke yake. Kuku wote hunywa katika chombo kimoja, na magonjwa mengi hupita hapo hapo kwenye maji. Tena wenzake wakimwona mnyonge humdonoa mpaka wanamtoa damu. Unapohudumia, anza na wale wazima, mgonjwa awe wa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Usiseme "nitamtazama mpaka kesho kutwa". Kuku ana tabia ya kuficha ugonjwa. Siku unapomwona amejikunyata, yeye huenda alianza kuumwa siku mbili tatu zilizopita.

MACHO, KISHA MIKONO

Tulimtazama kwanza kwa mbali bila kumgusa. Je, anasimama sawasawa? Shingo imenyooka? Anapumua akiwa amefumba mdomo au ameuachama? Halafu tukatazama kinyesi. Kinyesi cha kuku mzima ni cha rangi ya udongo au kijivu, kina utando mweupe juu. Lakini mara chache kwa siku hutoa kinyesi laini cha kahawia chenye harufu kali. Huko si kuhara, usiogope. Na kinyesi cha kijani je? Watu wakikiona tu husema mdondo. Haba! Hata kuku asiyekula siku mbili hutoa kijani, maana ni nyongo tupu. Kijani peke yake si ushahidi.

Kisha mama akamshika mwenyewe, nasi tukampitia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Kichwani tulitazama upanga, yaani ile nyama nyekundu ya utosini. Ukiwa umepauka, kuku hana damu ya kutosha. Ukiwa wa zambarau, hapati hewa vizuri au hali yake ni mbaya sana. Macho yawe angavu, pua iwe kavu. Fungua mdomo utazame ndani, maana ndui ya kuku huweza kuweka utando mweupe au wa njano humo, si vipele vya usoni tu.

Shuka shingoni mpaka kwenye gole, ule mfuko wa kwanza wa chakula. Jioni gole huwa limejaa, na alfajiri huwa tupu. Ukikuta asubuhi limejaa na gumu kama mpira, ujue chakula kimekwama. Papasa kidari. Mfupa wa kidari ukiwa mkali kama makali ya kisu, kuku huyo hakuanza kukonda jana. Tafuta minyoo, njaa au ugonjwa wa muda mrefu. Papasa tumbo, huenda yai limekwama. Tazama njia ya haja kama imechafuka. Funua manyoya chini ya mabawa utafute chawa. Mwisho ni miguu. Magamba yakiwa yameinuka na kufanya ukoko, kuna wadudu wamejichimbia humo. Paka mafuta mazito ya kujipaka kila baada ya siku chache mpaka ukoko ulainike utoke.

Jambo moja linawapotosha wengi. Mtu humshika kuku, akihisi joto, husema ana homa. Kuku mzima ana joto la nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, na binadamu ana 37. Kila kuku utamwona ana homa!

TULICHOKIKUTA

Upanga ulikuwa umepauka, karibu mweupe. Kidari kilikuwa kikali. Lakini macho yalikuwa safi, shingo imenyooka, hakohoi, haharishi. Gole lilikuwa na punje chache.

Nikauliza, "Mama, huyu alikuwa anaatamia?"

"Ndiyo mwalimu. Ametotoa majuma mawili yaliyopita. Nilidhani uchovu wa kulea."

Ni kweli kuku anayeatamia huvimbisha manyoya, hukaa kimya siku zote 21 na hutoka mara chache tu kula. Huyo si mgonjwa. Lakini huyu alikuwa amekwisha kutotoa. Tukasubiri giza liingie, tukarudi bandani na tochi. Ndani ya nyufa za kichanja na chini ya majani ya kiota tulikuta utitiri, mdogo kama vumbi, mwekundu kwa damu aliyokunywa. Mchana hujificha, usiku hutoka kunyonya. Kuku aliyekaa kiotani majuma matatu alikuwa karamu yao. Ndiyo maana mama alikuwa hajaona kitu. Yeye alikuwa akitazama mchana.

Majani ya kiota yalichomwa moto usiku ule ule. Kesho yake kichanja na nyufa zilimwagiwa maji yanayochemka, kuta zikapakwa chokaa, na kuku wote wakapakwa dawa ya unga ya wadudu wa kuku kutoka duka la pembejeo za mifugo. Baada ya siku saba kazi ilirudiwa, kwa sababu mayai ya utitiri yanayosalia huanguliwa. Shemeji alitaka tutumie dawa ya pamba iliyobaki shambani. Tukamkatalia. Dawa ile huua utitiri, na kuku, na huweza kumdhuru mla yai.

Mgonjwa alipewa uji mzito wa mahindi uliochanganywa dagaa waliotwangwa, mchicha uliokatwa, na maji safi. Kama kuku hanywi kabisa, mdondoshee maji tone kwa tone pembeni mwa mdomo. Usimmiminie kooni. Tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi, utamzamisha ukidhani unamnywesha. Baada ya majuma matatu upanga ulikuwa umeanza kurudia wekundu.

MIMI MWENYEWE NILIKOSEA

Ndugu msomaji, usidhani mwalimu wako anajua kila kitu. Mwaka mmoja nilinunua jogoo mnadani, mzuri, mwekundu, nikamfungulia moja kwa moja kati ya kuku wangu 14. Siku ya nne alilala hakuamka. Baada ya juma moja wengine walianza kupumua kwa shida na kuhara kijani, mabawa yananing'inia, mmoja shingo imejipinda anatazama juu, mwingine anazunguka mahali pamoja. Walibaki wawili. Huo ndio mdondo, ambao wengine huuita kideri.

Mdondo huletwa na virusi, na hakuna dawa ya kuutibu. Pilipili haitibu, shubiri mwitu haitibu, wala vidonge vya rangi mbili. Aliyeniuzia jogoo yule pengine naye aliambiwa, "Mpeleke mnadani upate chochote." Alipata chochote, mimi nikapoteza 12, na sijui jirani zangu walipoteza wangapi. Tangu siku ile kuku mgeni kwangu hukaa peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa.

Kinga ipo, nayo ni chanjo. Hapa nchini chanjo ya mdondo inayostahimili joto, ile ya aina ya I-2, hutengenezwa Kibaha, mkoani Pwani, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kuistahimili joto si kusema uiache juani. Iweke mahali pa baridi na uifunike kitambaa chenye unyevu unapoisafirisha. Kuku hupewa tone moja katika jicho moja, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu kama maelezo yake yasemavyo. Vifaranga nao wapewe. Lakini chanjo si dawa. Ukimpa kuku ambaye tayari ana mdondo, hutamponya. Kwa kuwa kichupa kimoja hutosha kuku wengi, majirani wachangiane na kuchanja siku moja. Hiyo ni nafuu, na ni salama kuliko kila mtu kuchanja siku yake.

MAGONJWA MENGINE KWA KIFUPI

Uso ukivimba na pua ikitoa makamasi yenye harufu mbaya, hayo huenda ni mafua ya kuku, na dawa zake zipo. Vifaranga wakihara damu, kausha banda, badilisha matandiko, na upate dawa ya kuhara damu mapema, maana huweza kufa siku chache tu. Vipele vya upangani na usoni ni ndui, inayoenezwa sana na mbu. Haina dawa, ila chanjo yake ipo, na wengi hupona wakitunzwa.

Usifungue vidonge vya binadamu ukakisia kipimo. Dawa ya kuku inunuliwe kwa kipimo, imalizwe, na uulize ni siku ngapi hamtakula mayai wala nyama yake.

Kuku wakifa wengi kwa ghafla, usiwachune, usiwatupie mbwa, usiwatupe mtoni. Wachome au uwafukie shimo refu, na umwarifu afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Mafua makali ya ndege hufanana na mdondo kwa macho, nayo huweza kumpata hata binadamu.

KALAMU YAKO NAYO NI DAWA

Afisa mifugo akifika atakuuliza: lini, wangapi, dalili gani? Usipoandika utasema "juzi juzi hivi". Mama yetu aliandika hivi katika daftari lake la kisomo, nami nayanakili kwa ruhusa yake:

"Jumanne. Mtetea mweusi. Amejikunyata. Upanga mweupe. Kidari kikali. Hahari. Shingo sawa. Usiku nimeona utitiri kichanjani. Jumatano. Maji ya moto, chokaa, dawa ya unga. Amekula uji kidogo. Alhamisi. Amekula dagaa. Wengine wanane wazima."

Mistari michache tu, lakini afisa mifugo aliposomewa kwa simu hakuuliza swali la pili.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini kinyesi cha kijani peke yake hakitoshi kusema kuku ana mdondo?

2. Jirani yako anapeleka kuku mgonjwa mnadani. Utamwambia nini, nawe unajua ana shida ya fedha?

3. Kitongoji chenu kina kuku wangapi? Hesabuni nyumba kwa nyumba, muulize bei ya kichupa cha chanjo, kisha mgawanye: kila kaya itachangia shilingi ngapi?

4. Leo usiku ingia bandani na tochi. Andika ulichokiona, ukilete darasani.