MTOTO ANAYEUMWA TUMBO KILA MARA: TUMSAIDIEJE SHULENI?

Somo la vikundi

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulitembelea boma moja karibu na ziwa, upande wa Homa Bay, ambako mtoto wa gredi ya tano alikuwa ameacha shule. Mama yake alituambia, “Huyu ni mvivu tu. Tumbo lake linauma ikifika saa ya hesabu.” Nasi tukamwamini, tukamgombeza mtoto. Ni nyanya yake aliyetuita kando: kijana anapata choo chenye damu, na siku moja alijichafua darasani, wenzake wakamcheka. Tuliona haya.

Alipopimwa alikutwa na kichocho cha matumbo. Wengi wetu tukisikia kichocho tunafikiri ni kukojoa damu. Hicho huonekana sana Pwani. Huku kwetu, kuanzia Kendu Bay, Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano mpaka Karungu na Muhuru kule Migori, kinachotusumbua zaidi ni cha matumbo. Mtu mgonjwa akienda haja kando ya maji, mayai yanaingia ziwani, yanaanguliwa, na vijidudu vinakua ndani ya konokono wadogo. Vikitoka humo vinapenya ngozi ya yeyote anayeoga, kuteka maji au kufua. Minyoo hao wanaishi miaka mingi katika mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yao ndiyo yanayoumiza matumbo na ini. Mtoto anaharisha, anapona, anaharisha tena. Damu inapungua, anasinzia darasani. Si chira, wala hajarogwa.

Dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo hufuata uzito au urefu wa mtoto. Ni chungu, basi ale kwanza. Ile dawa ya kawaida ya minyoo, albendazoli, haiui kichocho; kwa hiyo msiseme “alishapewa dawa shuleni” kabla ya kuuliza ni dawa gani. Tena prazikwanteli haiui minyoo wachanga, na mtoto akirudi majini anaambukizwa upya. Huenda akahitaji dawa zaidi ya mara moja. Na kama choo kimepimwa zaidi ya mara moja bila kuonekana mayai, na damu bado inatoka, msikae nyumbani: ombeni barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa maana kuna magonjwa mengine ya matumbo yanayodumu.

Sasa shule. Dawa haimalizi aibu kwa siku moja. Mzazi aende mwenyewe kwa mwalimu wa darasa, asimtume mtoto, amweleze kinagaubaga. Waombe mambo machache: mtoto akae karibu na mlango, atoke kwenda chooni bila kuinua mkono na kujieleza mbele ya wote, na wakati wa mtihani asinyimwe ruhusa hiyo. Kijana tuliyemtaja alikubaliana na mwalimu wake kwamba akiweka kitabu chekundu juu ya dawati, anatoka tu. Hakuna aliyejua maana yake. Mkobani awe na kaptura ya akiba, kitambaa na kipande cha sabuni. Mwangalie pia kama ameacha kunywa maji au kula asubuhi ili asiende chooni. Wengi hufanya hivyo kwa siri, na njaa inawadhoofisha zaidi.

Akipigwa kwa kutoka darasani, jueni kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko. Lakini nendeni kwanza kwa upole. Walimu wengi hawakuambiwa tu.

Masomo aliyokosa, jirani wa darasa moja amwazime daftari jioni. Hili halina gharama.

Maswali ya kujadili kikundini:

Katika kijiji chetu, ni mtoto gani anayeitwa mvivu, na nani amewahi kumuuliza juu ya choo chake?

Shule yetu ina maji na sabuni karibu na choo? Nani atakwenda kuangalia wiki hii?

Wavuvi na wanaoanika omena kwenye bichi yetu wanajisaidia wapi?

Tunaweza kutoa kiasi gani kwenye sanduku la kikundi kwa nauli ya mtoto kwenda kupimwa?