Mofimu ya Mahali na Ukomo wa Mungu: Kiswahili mbele ya Tauhidi na Kabala

Miongoni mwa sifa ishirini za Mungu alizozipanga al-Sanusi (aliyefariki 1490), ambazo husomeshwa pia katika mwambao wa Waswahili, ya kwanza ni wujudi, yaani kuwapo. Tafsiri hiyo ina utata. Kwa kawaida Kiswahili hakielezi kuwapo bila kutumia mofimu ya mahali. Mvuvi asemapo mashua ipo Mbegani, hudokeza mahali bayana. Akisema iko Mbegani, mahali hapo huwa pa jumla zaidi. Na samaki wamo ndani ya mashua. Mungu naye yupo. Hali tauhidi ya Kiashari, iliyoenea pwani, hukanusha kwamba Mungu huzungukwa na mahali.

Sentensi inayokusudiwa kuondoa utata huo, Mungu yupo pasipo mahali, inastahili kuchambuliwa. Mofimu -po imo katika yupo. Pasipo huundwa na pa-, -si- na -po. Na mahali ni nomino ya asili ya Kiarabu iliyoingizwa katika ngeli ya pa-. Kanusho la mahali, basi, limejengwa kwa viambishi vya mahali.

Wanazuoni wa Kiyahudi walilikabili tatizo hilo kwa njia nyingine. Katika Kiebrania cha marabi, makom, yaani mahali, ni mojawapo ya majina ya Mungu: Yeye ni mahali pa ulimwengu, bali ulimwengu si mahali pake. Wanakabala walimwita Ein-Sofu, Asiye na Mwisho. Kutokana na mafundisho ya Isaac Luria (1534–1572) huko Safed, wafuasi wake waliuliza: ikiwa asiye na mwisho amejaa kote, ulimwengu ulipata wapi nafasi? Jibu lao lilikuwa tsimtsumu: Mungu alijibana, pakapatikana pa kuumbia.

Mfasiri asiharakishe hapa. Kujipunguza hakufai, kwa kuwa kilichopunguzwa hupungukiwa. Anayejibana kitini ili mwenzake apate kukaa hapungukiwi na kitu. Zaidi ya hayo, kirejeshi -ji- hulinda hoja yenyewe: mwenye kuweka mpaka na mwenye kuwekewa ni mmoja. Kauli ya kutendwa, alibanwa, ingeleta mtenda mwingine, jambo ambalo tauhidi na Kabala, pamoja na tofauti zao zote, haziwezi kulikubali.