Chakula cha Krismasi Nyumbani: Hesabu Majiko Kwanza

Desemba ikifika katikati, wadogo zangu huanza kunipigia simu na swali lao: "Dada, Krismasi tupike nini?" Nami huwauliza: una majiko mangapi? Hucheka wakidhani natania. Sitanii. Nyumba nyingi za Dar es Salaam ninazozijua zina jiko la gesi la plati mbili, jiko moja la mkaa na nafasi kidogo uani. Halafu mwenye nyumba anaandika vyakula tisa, vyote viive saa 8 mchana, vyote viwe vya moto. Ndiyo maana kwenye nyumba nyingine wageni hula saa 11 jioni, watoto wameshashiba biskuti na soda, na mama mwenye nyumba anatoka jikoni hana hata hamu ya kuonja.

Kwetu sikukuu huzunguka, mwaka huu kwa kaka, mwaka ujao kwangu. Ikiwa zamu yangu tunakuwa kama watu ishirini, wakubwa kwa watoto. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Andika majina ya watu na ulaji wao

Idadi peke yake haitoshi. Chukua daftari, andika jina la kila atakayekuja, na mbele yake andika jambo linalohusu kula kwake. Bibi hana meno. Mjomba ana presha, chumvi kwake ni kidogo. Mtoto wa mdogo wangu ndio kwanza ameanza kula. Shemeji ni Mwislamu, na wifi yangu mmoja ni Msabato.

Orodha hiyo inaamua mambo mengi kabla hujafikiria mapishi. Kwangu nyama na kuku huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu ale bila kuuliza maswali. Nyama ya buchani haina shida sana, kwa sababu mabucha mengi ya mjini huuza nyama iliyochinjwa hivyo. Kuku unaowanunua hai ndio unaotakiwa kuwatafutia mchinjaji mapema, na jirani Mwislamu ukimwomba siku mbili kabla hawezi kukataa.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nakipenda, lakini tarehe 25 hakiingii jikoni kwangu. Ukikipika inabidi kiwe na sufuria yake, kisu chake, mwiko wake na moto wake, na moto ndio usio nao. Tarehe 26 nayo ni sikukuu. Wanaokitaka wakutane siku hiyo wale mpaka waridhike.

Gawia kila chakula moto wake

Sasa rudi kwenye majiko. Mimi nina mioto mitatu, na kila mmoja una kazi yake.

Jiko la mkaa ni la pilau. Sufuria kubwa ya pilau ukiiweka kwenye gesi, chini inashika ukoko na juu mchele haujaiva. Kwenye mkaa unapunguza moto wa chini, unafunika vizuri, unapalia makaa juu ya kifuniko, kisha unaiacha iive yenyewe huku ukifanya mengine.

Plati ya kwanza ya gesi ni ya ndizi nyama. Chakula hiki nakipenda kwa sababu ni sufuria moja inayolisha makundi mawili. Zikishalainika, nachota sehemu kabla ya kukoleza chumvi, naziponda na supu yake, na hapo bibi na mtoto wamepata mtori wao na mjomba amepata chakula kisichomletea presha. Ndizi zilizobaki naziacha nzima kwa wengine.

Plati ya pili ni ya kuku. Mboga ya majani, ambayo haichukui zaidi ya dakika kumi, inasubiri plati ya kwanza ndizi zikishatolewa.

Vingine vyote viwe vitu visivyohitaji moto siku hiyo: kachumbari, matunda, juisi, na chapati zilizopikwa jana yake. Ukitaka kuongeza chakula kingine cha moto, kwanza jiulize kitapikwa juu ya jiko gani na saa ngapi. Kikikosa jibu, kifute.

Vipimo vya watu ishirini

Kilo moja ya mchele wa pilau hutosha watu sita hadi saba, kama kuna vyakula vingine mezani. Kwa hesabu hiyo, mimi hununua hivi:

- Mchele kilo 3. Wa Kyela unanukia vizuri, ila mchele wowote ujaribu kwanza nyumbani kwa kikombe kimoja, ujue unakunywa maji kiasi gani. Siku ya sikukuu si siku ya kuujaribu.
- Nyama ya pilau kilo 2 na nusu, na nyingine kilo 1 na nusu yenye mifupa kwa ajili ya ndizi.
- Kuku wa kienyeji 3. Kila mmoja ukimkata vipande tisa au kumi, kila mtu anapata kipande na kinabaki cha mgeni asiyetarajiwa.
- Ndizi mbichi 40, zinazotosha na za kuponda. Mshare ni nzuri zaidi kwa mtori.
- Unga wa ngano kilo 2, unaotoa chapati kama 24.
- Vitunguu maji kilo 3, nyanya kilo 3, na ndimu za kutosha kwa kachumbari.
- Viungo vya pilau: bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, tangawizi na vitunguu swaumu. Nunua vizima, utwange mwenyewe. Vya unga vilivyokaa dukani huwa vimeshapoteza harufu.
- Soda kreti 1, yaani chupa 24, na juisi ndoo moja. Chupa moja kwa kila mtu inatosha, kiu iliyobaki imalizwe na juisi na maji.

Kumbuka soda za chupa za kioo zinataka kreti na chupa tupu, au uache pesa ya dhamana dukani. Wengi hugundua hilo tarehe 24 usiku, duka limejaa watu.

Nunua kwa awamu

Bei ya kuku, mchele na vitunguu hupanda sikukuu inapokaribia, na kila mwaka tunashangaa kana kwamba haijawahi kutokea. Vitu vikavu, yaani mchele, mafuta, unga, sukari na viungo, navinunua Novemba. Kama uko kwenye kikoba au mchezo wa akina mama unaovunjwa Desemba, jaribuni kununua mchele na mafuta kwa jumla na kugawana. Kilimanjaro watu huchangia ng'ombe mzima, wanachinja na kugawana nyama, na kila mmoja anapata kwa bei nafuu kuliko ya bucha.

Kuku wa kienyeji huwanunua siku kumi kabla na kuwafuga uani. Mkaa pia nunua mapema, uuweke pakavu. Mtungi wa gesi upime: mwaga maji ya moto ubavuni, kisha pitisha kiganja kuanzia juu kushuka chini. Pale ubaridi unapoanzia ndipo gesi ilipofikia. Ikiwa imebaki chini ya robo, jaza kabla ya tarehe 23.

Masufuria makubwa na sahani huna haja ya kununua. Jumuiya na vikundi vingi vya mtaani vina vyombo vyao vya kukodisha au kuazimisha kwa wanachama. Omba mapema, kwa sababu si wewe peke yako unayepika.

Usiseme "leteni chochote"

Ukiandika kwenye kundi la familia kwamba kila mtu alete chochote, utapokea soda na mikate. Mpe kila mtu kitu kinachoeleweka, kwa idadi, na saa ya kukifikisha. "Wifi, naomba chapati 24 zifike saa 5 asubuhi." "Shemeji, barafu mifuko minne na katoni mbili za maji." Anayepika vizuri apewe cha kupika, asiyejua kupika alete barafu. Yule ndugu anayechelewa kila mwaka mpe matunda. Desemba ni msimu wa maembe, na nanasi na tikiti hata zikifika wakati watu wanakula hazijachelewa.

Gawa na kazi za mikono pia. Dada wa kazi wengi husafiri kwenda kwao mwezi huu, na ni haki yao, kwa hiyo panga kana kwamba wako hayupo. Vijana wa kiume wanaweza kuwasha mkaa, kukuna nazi, kusuuza masufuria na kupanga viti. Kwangu hakuna kijana anayekaa mbele ya televisheni mpaka aitwe kula.

Tarehe 24 ndiyo siku ya kupika

Siri ya mchana wa Krismasi ni mkesha wake. Jioni hiyo nachemsha kuku wa kienyeji mpaka walainike, kwa kuwa hao wanataka saa nzima au zaidi, na kesho yake itabaki kuwakaanga na kuwaunga tu. Nachemsha pia nyama ya pilau na kuweka supu yake. Natwanga viungo, namenya vitunguu swaumu, na ninachagua mchele. Ndizi nazimenya na kuziloweka kwenye maji zisiwe nyeusi.

Friji nayo ina hesabu yake. Toa soda zote humo, ziingie kwenye beseni la barafu kesho yake, ili nyama na supu vipate nafasi. Joto la Desemba la Dar halina huruma: supu iliyoachwa mezani usiku kucha asubuhi imechacha. Kama natumia nazi, siikuni mapema, kwa sababu tui hugeuka haraka kuliko kitu kingine chochote jikoni.

Tarehe 25, saa kwa saa

Tunakula saa 8 mchana, na hesabu naifanya kwa kurudi nyuma. Nusu ya wakubwa wanasali ibada ya kwanza, nusu ya pili, ili jikoni pasibaki bila mtu.

- Saa 4:00 asubuhi: kijana anawasha mkaa, mwingine anaosha mboga na matunda.
- Saa 5:00: nyama ya mifupa inaingia motoni, ikilainika ndizi zinafuata. Juisi inatengenezwa.
- Saa 5:30: vitunguu vya pilau vinakaangwa mpaka viwe kahawia iliyokolea. Rangi ya pilau inatoka hapa, usiharakishe. Kisha viungo, nyama na supu.
- Saa 6:30: mchele unaingia. Supu ikikaribia kukauka, punguza moto, funika, palia makaa juu.
- Saa 6:45: kuku wanakaangwa na kuungwa.
- Saa 7:15: ndizi zinatolewa, mtori unapondwa, plati inabaki kwa mboga.
- Saa 7:30: kachumbari inakatwa. Vitunguu vioshwe kwa chumvi kwanza, ndimu iwekwe mwisho. Ukiikata mapema itajaa maji.
- Saa 7:45: kila kitu kwenye hotpoti.

Wageni wanaofika saa 6 wakute karanga, korosho au sambusa chache mezani. Chache, narudia. Sambusa zikizidi, pilau lako litabaki.

Kupakua na mabaki

Kabla mtu yeyote hajapakua, tenga sahani mbili: ya aliye njiani na ya jirani. Majirani zetu Waislamu hutuletea pilau na biriani siku ya Idi, nasi sikukuu yetu isipite bila sahani kuvuka ukuta. Watoto wanapakuliwa kwanza, kisha wazee, kisha wengine. Pilau na ndizi kila mtu ajipakulie, ila kuku asimamiwe na mtu mmoja asiyeona aibu. Bila msimamizi, wa kwanza kwenye foleni watachukua mapaja na wa mwisho watapewa shingo.

Wageni wakihamia kwenye stori, chakula kisisahaulike mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, cha moto kiwe juu ya nyuzi joto 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5. Kwa jikoni letu maana yake ni hii: ikifika saa 10 jioni, pilau liingie kwenye vyombo vifupi lipoe haraka, kisha friji. Friji ikijaa, wageni wabebe. Mimi hutunza makopo yenye vifuniko mwaka mzima kwa ajili ya jioni hiyo. Kesho yake kinachopashwa kipashwe mpaka kitoe moshi, na kachumbari iliyobaki imwagwe.

Usiku kabla hujalala, andika kwenye daftari lile lile kilichobaki na kilichoisha mapema. Kama ndizi zilibaki nusu sufuria na kuku wakaisha mapema, mwakani hesabu yako itaanzia hapo. Na kama nyumbani una jiko moja tu, usihangaike: pika pilau moja zuri, kata kachumbari, weka maembe mezani, ukae na watu wako mle pamoja. Hakuna atakayeondoka na njaa. Krismasi njema.