SOMO: KUWAFUNDISHA WATOTO WADOGO HABARI ZA MWEZI

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Yunus, imeviunganisha vituo vya mwezi na elimu ya hesabu ya miaka. Kwa hiyo kumfundisha mtoto habari za mwezi si mchezo wa darasani tu, bali ni mlango wa kuijua funga yake, Idi yake na Hija yake.

Na katika mji wa Durban, Afrika ya Kusini, somo hili lina jambo la kuzingatiwa. Mji huo uko kusini ya Ikweta kwa kiasi cha digrii 30. Miongoni mwa Waislamu wake imo jamii iitwayo Wazanzibari, ambao wazee wao, wengi wao Wamakua, walikombolewa kutoka katika vyombo vya watumwa na kuteremshwa huko kuanzia mwaka 1873. Katika miaka ya 1960 wakahamishwa kwa sheria za ubaguzi kutoka Bluff kwenda Chatsworth.

Vitabu vingi vya watoto hutungwa katika nchi za kaskazini. Picha zake huuonyesha mwezi wa siku ya saba nuru yake ikiwa upande wa kulia, kama uonekanavyo aghalabu Maskati. Mtoto wa Durban akitoka nje jioni huiona nuru hiyo upande wa kushoto. Akiichora kama alivyoiona, na mwalimu akamkosoa kwa kufuata kitabu, basi aliyekosea ni mwalimu.

NJIA YA KUFUNDISHA

Kwanza: Darasa litiwe giza, na taa moja iwekwe kwenye ukuta wa magharibi. Hiyo ndiyo jua.

Pili: Mpira mweupe utundikwe katikati. Huo ndio mwezi, nao hauna nuru yake wenyewe.

Tatu: Mtoto mmoja asimame kaskazini ya mpira na mwengine kusini yake, wakabiliane. Kila mmoja aseme nuru iko mkono gani.

Wa kaskazini atasema, "Kulia." Wa kusini atasema, "Kushoto." Wote wawili wamesema kweli, kwani nuru iko magharibi kwa wote. Mwezi haukugeuka, kilichotofautiana ni mahali pa mtazamaji. Ama Unguja, iliyo karibu na Ikweta, mwezi mchanga aghalabu huonekana umelala mfano wa mtumbwi.

MAZINGATIO

Mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na jioni ya siku ya 29 watu hutazama upeo wa magharibi. Shahidi hutakiwa aseme alichokiona, asizidishe wala asipunguze. Mtoto aliyezoeshwa kulikanusha jicho lake ili apate alama njema, akiwa mkubwa ataulizwa, "Umeuona mwezi?" naye atatazama kwanza nyuso za watu ajue wanataka jibu gani. Ushahidi wa namna hiyo haufai kitu. Basi uaminifu wa shahidi huanza kujengwa katika daftari la mtoto mdogo.

MASWALI

1. Kwa nini nuru ya mwezi huelekea magharibi jioni ya siku ya saba?
2. Mtoto wa Maskati na wa Durban wakitofautiana, nani msema kweli?
3. Mzazi atoke na mwanawe jioni, kila mmoja achore alichokiona, kisha walinganishe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.