Insha ya Hoja: “Baada ya” Si “Kwa Sababu ya”

SWALI: “Timu za mpira wa miguu za mikoa ya madini hushuka daraja kwa sababu hutegemea fedha za migodi.” Kwa kutumia mifano kutoka Shinyanga na Geita, jadili kauli hii kwa insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300.

Ndugu mtahiniwa, swali la namna hii huonekana jepesi, hasa kwa mwanafunzi wa kanda yetu ambaye mpira ameujua kabla ya kujua irabu. Hapo ndipo alama zinapopotea. Darasani kwangu nimelitoa mara kadhaa na karibu kila safari majibu huwa yale yale: mgodi ulitoa pesa, timu ikapanda, mgodi ukaacha kutoa pesa, timu ikashuka, hitimisho. Mwanafunzi ameandika hadithi, na swali liliomba hoja. Neno “jadili” linakutaka uipime kauli, uone inasimama wapi na inayumba wapi, kisha useme msimamo wako.

Huwezi kupima bila kipimo, kwa hiyo tuanze na taarifa zenyewe. Zisome taratibu ukiwa na kalamu mkononi.

Stand United ilizaliwa stendi ya mabasi ya mjini Shinyanga, na jina lake limetoka huko. Ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15. Mwaka 2015 ilipata udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mwaka 2016, baada ya mgogoro wa uongozi kati ya upande wa wanachama na upande uliotaka timu iendeshwe kama kampuni, mdhamini alijitoa. Timu ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2018/19.

Mwadui FC ni timu ya wilaya ya Kishapu, kwenye mgodi wa almasi ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2015/16. Mwaka 2019 ilinusurika kushuka kwa kupitia mechi za mchujo dhidi ya Geita Gold. Aprili 2020 mgodi ulisimamisha uzalishaji kwa sababu soko la almasi duniani liliporomoka wakati wa korona, ukarudi kazini mwaka 2021. Katikati ya kipindi hicho, msimu wa 2020/21, Mwadui ilishuka.

Geita Gold, timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita iliyodhaminiwa na mgodi wa GGML, ilipanda mwaka 2021. Msimu wake wa kwanza, 2021/22, ilimaliza nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mpole baadaye akaenda kucheza Lubumbashi katika timu ya Saint-Éloi Lupopo. Mwishoni mwa msimu wa 2023/24 Geita Gold ikashuka.

Sasa rudi kwenye kauli ya swali. Ukiitazama Mwadui peke yake, kauli inapendeza: mgodi umefungwa, timu imeshuka. Wanafunzi wengi hukimbilia mfano huu na kuandika, “Mwadui ilishuka kwa sababu mgodi ulifungwa.” Je, tuna ushahidi wa hilo? Tunachojua kwa hakika ni kwamba timu ilishuka baada ya mgodi kusimama. Mambo mawili kufuatana hakuthibitishi kwamba la kwanza limelizaa la pili. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, na hakuna anayesema jua huchomozwa na jogoo.

Watu wanaosomea uendeshaji wa michezo vyuo vikuu hukutana na tatizo hili kila siku, na wana njia zao za kulishughulikia. Njia tatu unaweza kuzitumia kwenye chumba cha mtihani.

Ya kwanza ni kuuliza: hali ilikuwaje kabla? Mwaka 2019 mgodi wa Mwadui ulikuwa ukifanya kazi, lakini timu ilikuwa tayari imefika kwenye mchujo, ukingoni kabisa. Udhaifu ulikuwepo kabla ya mgodi kusimama. Pengine mgodi kusimama kuliuongeza, ila hakukuuanzisha.

Njia ya pili ni kutafuta mfano unaopinga. Geita ndiyo hiyo. Wakati Geita Gold inashuka mwaka 2024, mgodi haukuwa umefungwa, na bei ya dhahabu duniani ilikuwa juu kuliko wakati wowote uliotangulia. Kama mali ya mgodi peke yake ingetosha kuibakiza timu Ligi Kuu, Geita Gold isingeshuka mwaka ule. Mfano mmoja wa aina hii una uzito kuliko mifano mitano inayokubaliana na kauli, maana unaonyesha kwamba kuna kitu kingine kinafanya kazi.

Ya tatu, ambayo watahiniwa huisahau kabisa, ni kulinganisha na wasiohusika. Je, timu zisizo na mgodi hazishuki? Msimu ule ule Mwadui iliposhuka, zilishuka pia Gwambina ya Misungwi, Ihefu ya Mbarali na JKT Tanzania. Stand United ilishuka pamoja na African Lyon ya Dar es Salaam. Geita Gold ilishuka pamoja na Mtibwa Sugar, bingwa wa Tanzania wa mwaka 1999 na 2000. Mtibwa haina dhahabu wala almasi, ina miwa. Na ukivuka kwenda Mwanza utaikuta Pamba, timu ya zao la pamba, iliyotwaa ubingwa mwaka 1990 kisha ikapotea Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi iliporudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji ikiwa chini ya halmashauri.

Sasa unaona picha nyingine. Huenda tatizo haliko kwenye madini, liko kwenye kuishi kwa mfuko mmoja, uwe wa dhahabu, wa sukari au wa pamba. Mchumi Mfaransa Wladimir Andreff, akiandika na Paul Staudohar mwaka 2000, alieleza kwamba timu za Ulaya zamani ziliishi kwa vyanzo vinne: viingilio vya watazamaji, ruzuku za serikali, wadhamini na watu wa mahali timu ilipo, baadaye fedha za televisheni, matajiri, mauzo ya bidhaa na masoko ya mitaji vikashika nafasi kubwa. Chukua orodha hiyo uiweke mbele ya timu ya mkoa wako. Fedha za televisheni zipo, kwa kuwa mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, ila timu ikishuka inapoteza fungu lake la Ligi Kuu. Viingilio? Wewe mwenyewe unajua uwanja hujaa siku ipi. Siku ya Simba na Yanga. (Na wengi wetu siku hiyo tunavaa jezi ya mgeni. Hilo usiliandike kwenye insha, lakini lifikirie.)

Stand United inaongeza jambo ambalo hesabu za fedha hazilionyeshi. Pale mdhamini alikuwepo na fedha zilikuwepo; kilichogombaniwa ni nani mwenye timu. Halafu tazama miaka: mdhamini alijitoa mwaka 2016, timu ikashuka mwaka 2019. Ilicheza misimu mitatu mizima bila mdhamini yule. Mtahiniwa anayeandika “mdhamini alijitoa na timu ikashuka” ameruka miaka mitatu, na mtahini makini ataiona nafasi hiyo.

Hebu tuone aya moja ya kiini ilivyoweza kuandikwa:

“Hata hivyo, kusimama kwa mgodi hakutoshi kueleza kushuka kwa Mwadui. Mwaka 2019, mgodi ukiwa bado unazalisha, timu hiyo ilibaki Ligi Kuu kwa mechi za mchujo tu. Vilevile Geita Gold ilishuka mwaka 2024 ilhali mgodi wa Geita ulikuwa ukiendelea na kazi. Mifano hii inaonyesha kwamba fedha za mgodi huweza kuipandisha timu, lakini kubaki kwake kunahitaji uongozi usiogombana na mapato yanayotoka zaidi ya sehemu moja.”

Hesabu sentensi: ni nne. Ya kwanza inatoa hoja, mbili zinaleta ushahidi wenye mwaka na jina, ya mwisho inarudi kwenye swali. Angalia pia kitenzi “huweza”. Mwandishi hakusema “hupandisha”, kwa sababu ushahidi wake haufiki huko. Kuwa na tahadhari hivyo si woga. Ni kusema kiasi unachoweza kukithibitisha.

Kuhusu viunganishi, chunga sana. “Baada ya” huonyesha wakati. “Kwa sababu ya” na “kutokana na” huonyesha chanzo. “Licha ya” na “ilhali” huonyesha mambo yanayopingana, na ndivyo vitakavyokusaidia kwenye mfano wa Geita. Ukitumia “kutokana na” mahali pa “baada ya” umedai jambo ambalo hujalithibitisha, na hoja yako itaangukia hapo.

Katika utangulizi usianze na maana ya mpira wa miguu. Kila mtu anaujua. Taja kauli, kisha useme kama unaikubali yote, nusu, au unaikataa. Mimi ningeikubali nusu. Wewe unaweza kuikubali yote na bado ukapata alama nzuri, mradi uijibu Geita.

MAZOEZI

1. Tumia “baada ya”, “kutokana na” na “licha ya” katika sentensi tatu tofauti kuhusu Stand United. Kwa kila sentensi eleza kama taarifa ulizosoma zinathibitisha ulichodai.

2. Mwanafunzi ameandika: “Geita Gold ilishuka kwa sababu George Mpole aliondoka.” Mwulize maswali mawili ambayo angepaswa kuyajibu kabla ya kuandika sentensi hiyo.

3. Chagua timu yoyote ya wilaya yako, hata ya mchangani. Orodhesha sehemu zote inakopata fedha, kisha andika aya moja ya hoja kuhusu nini kitatokea sehemu iliyo kubwa kuliko zote ikikauka.

4. Andika insha kamili ya swali lililo juu kwa dakika 40, bila kutazama aya ya mfano.